Tisa kwa Nunge: Brooklyn, Oktoba 1956



Katika michezo yote wanayoicheza watoto wetu kwenye skuli za huku Marekani, hakuna unaowatatiza wazee kama besiboli. Mpira wa miguu tunaujua tangu utotoni. Ule wa kikapu hauhitaji mkalimani, kwani kila mwenye macho anakiona kikapu. Lakini kwenye besiboli mzazi hukaa kwenye benchi saa tatu nzima, akawaona vijana wamesimama kiwanjani kama waliosahau walichokuja kukifanya, kisha ghafla watu wote wakapiga kelele, na yeye asijue kama mwanawe ametenda jema au ameharibu. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi nieleze mchezo mmoja tu, uliochezwa Brooklyn katika jiji la New York, siku ya Jumatano tarehe 10 Oktoba 1956. Ulikwisha kwa tisa kwa nunge. Nimeuchagua huo kwa sababu mtu mmoja alibebeshwa matokeo yake kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hesabu ile ilifanywa vibaya.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Aliyewahi kutazama kriketi Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam ana nusu ya elimu tayari. Yuko mtu wa kurusha mpira na yuko mtu wa kuupiga kwa gongo. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo katikati ya kiwanja. Mpigaji humngoja kwa umbali wa mita 18 na kitu. Na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, mwenye glavu nene na kinyago cha chuma usoni. Mpigaji akiupiga mpira sawasawa hulitupa gongo akakimbia kupitia vituo vitatu na kurejea pale alipoanzia, mahali wanapopaita nyumbani. Akifika salama, timu yake huandikiwa mkimbio mmoja. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa kiwanja, basi yeye pamoja na wenzake wote waliokuwa wamesimama kwenye vituo hurudi nyumbani kwa raha zao, na wote huhesabiwa. Pigo moja la namna hiyo, kwa hiyo, laweza kuleta mkimbio mmoja au hata minne. Mpigaji akikosa mara tatu hutolewa. Mrushaji naye akirusha mipira minne nje ya mahali panapotakiwa, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Wakitolewa watu watatu, zamu hugeuka. Kila timu hupata zamu tisa, nami nitaziita ngwe.

Katika mpira wa miguu kutoka kiwanjani bila bao si jambo la ajabu. Katika besiboli timu hupata kwa kawaida mikimbio minne au mitano kwa mchezo, kwa hiyo nunge ni jambo zito kidogo. Mrushaji anayemaliza ngwe zote tisa bila kuruhusu hata mkimbio mmoja huandikiwa sifa hiyo maisha yake yote. Na nunge inapokuja katika mchezo wa mwisho wa fainali, nyumbani, mbele ya watu wako, huo ni msiba.

Fainali hizo Wamarekani huziita za dunia, ijapokuwa dunia yenyewe mwaka ule ilikuwa Marekani peke yake. Tuwaachie. Bingwa wa ligi moja hukutana na bingwa wa ligi ya pili, na timu inayotangulia kushinda michezo minne ndiyo bingwa. Kwa hiyo zaweza kuchezwa mechi saba. Mwaka 1956 mabingwa wote wawili walitoka katika jiji moja. Yankees walikuwa wa mtaa wa Bronx, matajiri, waliozoea vikombe. Dodgers walikuwa wa Brooklyn, na Brooklyn ya wakati ule ilikuwa makazi ya wafanyakazi na wahamiaji wa kila taifa, watu waliokuwa wakitazamwa kwa dharau na wenzao wa ng'ambo ya mto. Dodgers walikuwa wamekutana na Yankees katika fainali za 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953, na mara zote tano walishindwa. Mwaka 1955 ndipo walipowashinda kwa mara ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye wakakutana tena.

Kuna jambo jingine lililozitenga timu hizi mbili, nalo ndilo lililowafanya Wamarekani weusi kote nchini, hata wale ambao hawajaiona Brooklyn kwa macho, waipende Dodgers. Kwa zaidi ya miaka hamsini ligi kuu za besiboli hazikumruhusu mtu mweusi kucheza. Dodgers ndio waliouvunja mwiko huo tarehe 15 Aprili 1947 walipomwingiza Jackie Robinson kiwanjani. Baada yake wakaja Roy Campanella, mdakaji, na Don Newcombe, mrushaji. Yankees wao walisubiri mpaka 1955 ndipo walipomchukua mchezaji wao wa kwanza mweusi, Elston Howard. Msomaji alishike jina hilo, maana litarudi.

Don Newcombe ndiye mtu ninayetaka kumzungumza. Alizaliwa Madison, jimbo la New Jersey, mwaka 1926. Alikuwa pandikizi la mtu, mwenye mkono wa kulia uliorusha mpira kwa kasi ya kutisha. Alianza katika ligi ya watu weusi, kwenye timu ya Newark Eagles, kisha akaingia Dodgers mwaka 1949 na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi. Miaka miwili, 1952 na 1953, ilikwenda jeshini. Aliporudi, ubaguzi ulikuwa umepungua kiwanjani lakini haujaondoka hotelini. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba katika mji wa St. Louis wachezaji weupe walilala katika hoteli yenye mashine za kupoza hewa, na weusi wakapelekwa kwingine kwenye joto. Mwaka 1954 yeye na Robinson wakamwendea meneja wa hoteli ile wamuulize sababu. Kwa masimulizi yake, meneja alijibu kuwa hofu yake ilikuwa bwawa la kuogelea. 

Mwaka 1956 alikuwa kileleni. Alishinda michezo 27 na kupoteza 7 tu. Timu nzima ilishinda 93, kwa hiyo zaidi ya robo ya ushindi wa Dodgers ulitoka katika mkono wake. Ligi iliamuliwa siku ya mwisho kabisa, tarehe 30 Septemba, kwa tofauti ya mchezo mmoja mbele ya timu ya Milwaukee, na aliyesimama kwenye kilima siku hiyo na kuandikiwa ushindi alikuwa yeye. Hata hivyo magazeti ya New York yalikuwa na wimbo wao mmoja juu yake: kwamba Newcombe hawezi michezo mikubwa, kwamba moyo wake ni mdogo kuliko mwili wake. Wimbo huo ulitokana na fainali. Katika fainali hakuwahi kushinda.

Ni kweli hakuwahi. Lakini tuutazame mchezo wake wa kwanza wa fainali, mwaka 1949, alipokuwa kijana wa miaka 23. Aliwatoa Yankees 11 kwa kuwakosesha, hakumpa yeyote kituo cha bure, na akafika ngwe ya tisa bila kuruhusu mkimbio. Ndipo Tommy Henrich alipompiga mpira mmoja ukavuka ukuta, mchezo ukaisha kwa moja bila. Wenzake hawakumpatia hata mkimbio mmoja wa kujisitiri. Nimesahihisha mitihani kwa muda mrefu, na sijui ni kwa kanuni gani karatasi kama ile ingeweza kupewa alama ya kushindwa.

Sasa turudi kwenye fainali za 1956. Dodgers walishinda mchezo wa kwanza. Katika mchezo wa pili, tarehe 5 Oktoba, Newcombe alirusha, na mambo yakamwendea vibaya mapema. Yankees walipata mikimbio sita, minne kati yake kwa pigo moja la mdakaji wao Yogi Berra, na Newcombe akaondolewa kabla ngwe ya pili haijaisha. Kwa bahati wenzake wakaamka, wakashinda 13 kwa 8. Lakini yeye alikuwa ameshatoka uwanjani. Nje, mfanyakazi mmoja wa maegesho ya magari akamtupia maneno ya kejeli, ati hawezi shinikizo, na Newcombe akampiga ngumi ya tumbo. Simsifu kwa hilo. Naeleza tu jinsi maneno yale yalivyokuwa yamemfika.

Katika mchezo huo huo wa tarehe 5 Oktoba, mrushaji wa Yankees alikuwa kijana aitwaye Don Larsen. Naye aliondolewa katika ngwe ya pili, baada ya kutawanya vituo vya bure kama njugu na kuuacha uongozi wa mikimbio sita ukiyeyuka. Larsen hakuwa mtu wa sifa. Miaka miwili kabla yake, akiwa na timu ya Baltimore, alishinda michezo 3 na kupoteza 21. Kwa hiyo siku ile Don wawili walianguka katika kiwanja kimoja. Mkuu wa Yankees, mzee Casey Stengel, alimpa Larsen nafasi nyingine siku tatu baadaye, tarehe 8 Oktoba, katika mchezo wa tano. Mbele ya watazamaji 64,519, Larsen aliwakabili wapigaji 27 wa Dodgers na kuwatoa wote 27. Hakuna hata mmoja aliyekifikia kituo cha kwanza. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika fainali kabla ya siku ile, na halijatokea tena mpaka leo ninapoandika.

Siku iliyofuata Dodgers walijikakamua. Mrushaji wao Clem Labine alimaliza ngwe kumi bila kuruhusu mkimbio, na katika ngwe hiyo ya kumi Robinson akapiga mpira uliompita Enos Slaughter upande wa kushoto wa kiwanja. Mkimbio mmoja ukaingia, na mchezo ukaisha moja bila. Slaughter huyo ndiye aliyelaumiwa mwaka 1947 kwa kumkanyaga Robinson mguuni kwa viatu vya misumari. Wazee wa Brooklyn, nadhani, walilala kwa furaha usiku ule. Fainali zikawa tatu kwa tatu, na mchezo wa saba ungekuwa kesho yake, nyumbani kwao, katika uwanja wa Ebbets Field.

Hivyo tarehe 10 Oktoba zamu ya Newcombe ikafika. Watazamaji walikuwa 33,782, wakijaza uwanja ule mdogo mpaka pomoni. Stengel alifanya mabadiliko mawili: alimweka kando Slaughter na kumwingiza Elston Howard, ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa fainali zile, na kwenye kituo cha kwanza alimrudisha Bill Skowron. Kurusha alimpa Johnny Kucks, kijana aliyezaliwa Hoboken, New Jersey. Watu wengi walimtarajia Whitey Ford, aliyekuwa na jina kubwa zaidi.

Ngwe ya kwanza Newcombe aliwatoa wawili. Kituoni palikuwa na mmoja, Hank Bauer. Akaja Berra. Newcombe alimkosesha mara mbili, amebakiza moja tu, kisha akarusha mpira ambao kwa mpigaji mwingine ungekuwa mzuri. Berra alikuwa na tabia ya kuipiga mipira ambayo wenzake wasingethubutu kuigusa. Ukavuka ukuta. Mbili bila. Katika ngwe ya tatu Billy Martin alikuwa kituoni, Berra akaja tena, na habari ikawa ile ile: mpira ukavuka ukuta, nne bila. Ngwe ya nne ilifunguliwa na Elston Howard, naye akaupiga mpira ukavuka. Tano bila. Walter Alston, mkuu wa Dodgers, akatoka kibandani kwake akatembea mpaka kwenye kilima, akauchukua mpira mkononi mwa Newcombe. Mtu mkubwa yule akaanza safari ya kurudi kibandani huku watu wa nyumbani kwake wakimzomea. Mtu aliyeshinda michezo 27 kwa ajili yao! Hakungoja mwisho. Alivaa nguo zake akaondoka zake kwa gari kurudi New Jersey, mchezo ukiwa bado unaendelea.

Pigo la nne halikumhusu. Lilikuja katika ngwe ya saba, mrushaji akiwa Roger Craig. Martin alifika kituoni, Mickey Mantle akapewa kituo cha bure, na Dodgers wakaona ni heri wampe Berra kituo bure kwa makusudi kuliko kumrushia. Vituo vyote vitatu vikajaa. Akaja Skowron, akaupiga mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa. Minne kwa mkupuo. Tisa bila. Mikimbio yote tisa ya siku ile, basi, ilitokana na mapigo manne yaliyovuka ukuta, na mawili kati ya hayo yalipigwa na watu wale wawili ambao Stengel aliwarudisha asubuhi ile.

Upande wa pili Johnny Kucks alikuwa akifanya kazi yake kimya kimya. Hakuwa mrushaji wa kasi. Mpira wake ulikuwa na tabia ya kuzama unapomfikia mpigaji, hivyo gongo hulipata sehemu ya juu tu, mpira ukaviringika chini kama ulioponyoka mkononi mwa mtoto, na watu wa kati wakauokota na kumtoa mkimbiaji. Dodgers walimpata mara tatu tu katika ngwe tisa, na mara zote tatu ni mapigo madogo ya kituo kimoja.

Mpigaji wa mwisho alikuwa Jackie Robinson. Ngwe ya tisa, wawili wametoka, tisa bila. Alikuwa na umri wa miaka 37, mwenye nywele zilizoingia mvi na magoti yaliyochoka. Alikosa mara ya tatu. Lakini kanuni ya besiboli inasema kwamba mdakaji asipoudaka mpira wa mwisho sawasawa, mpigaji anayo haki ya kukikimbilia kituo cha kwanza, na Berra hakuudaka, ulimponyoka. Robinson akakimbia. Nyuma kwa tisa, ubingwa umekwenda, na mzee yule akakimbia kama yuko katika mchezo wake wa kwanza, mpaka Berra alipouokota mpira na kumrushia Skowron kituoni, naye akatolewa. Huyo ndiye mtu pekee ambaye Kucks alimkosesha mara tatu siku nzima. Na hiyo ndiyo ikawa mara ya mwisho kwa Robinson kushika gongo katika ligi kuu. Mwezi wa Disemba Dodgers walimuuza kwa mahasimu wao Giants. Yeye akaona bora astaafu, na Januari 1957 akatangaza hivyo.

Kesho yake magazeti yakatafuta wa kulaumiwa, na hawakuhitaji kutafuta mbali. Hapa ndipo nilipo na ugomvi na hesabu yao, nami naomba msomaji aufuate hoja kwa hoja, hata kama besiboli ameijua leo.

Tisa kwa nunge ni namba mbili. Ile tisa ni mikimbio waliyoiruhusu warushaji wa Dodgers. Ile nunge ni mikimbio waliyoipata wapigaji wa Dodgers. Katika tisa, Newcombe alihusika na mitano; minne ilikuwa ya mwingine. Katika nunge lawama yake ni ndogo, kwani mrushaji hategemewi kushinda mchezo kwa kupiga. Sasa tuchukulie kwamba Newcombe siku ile angerusha kama malaika na kuruhusu mkimbio mmoja tu, kama alivyofanya mwaka 1949. Dodgers wangepata nini? Wangeshindwa moja bila. Timu yenye nunge haishindi mchezo wowote, hata arushe nani.

Tena nunge ile haikuwa ya siku moja. Tuhesabu michezo mitatu ya mwisho pamoja: ngwe tisa za Larsen, ngwe kumi za siku ya Labine, na ngwe tisa za Kucks, jumla ngwe 28. Katika ngwe zote hizo Dodgers walipata mkimbio mmoja, ule wa pigo la Robinson. Mara walizoupiga mpira wakafika kituoni salama zilikuwa saba, yaani hazikuwepo kwa Larsen, zikawa nne siku iliyofuata na tatu kwa Kucks. Na wapigaji hao hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Walikuwa akina Duke Snider, Gil Hodges, Campanella, Pee Wee Reese, majina ambayo Brooklyn inayatamka kwa heshima mpaka leo. Sijaona mahali walipoitwa waoga. Iliposemwa kwamba walishindwa kupiga, ilisemwa kwa upole, kama mtu anavyosema kwamba mvua mwaka huu imechelewa. Neno la uoga liliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Je, rangi yake ilihusika? Robinson na Campanella nao walikuwa weusi, na hawakuitwa hivyo, kwa hiyo sitaki kulimaliza jambo kwa jibu la haraka. Lakini Larsen alianguka ngwe ya pili ya mchezo ule ule, na hakuna aliyeuchunguza moyo wake kama ni mkubwa au mdogo. Iliandikwa tu kwamba mpira ulikataa kumtii. Mtu mweusi wa siku zile, na mimi nadhani si wa siku zile tu, alipokosea kazini, kosa lake lilisomwa kama habari juu ya nafsi yake. Sisi tunaofanya kazi katika nchi za watu tunaifahamu namna hiyo ya kusomwa.

Mwezi wa Novemba, waandishi wale wale wa michezo walitangaza kura zao za mwaka. Newcombe alichaguliwa mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi yake. Tena mwaka huo ilianzishwa tuzo mpya ya mrushaji bora, iliyopewa jina la Cy Young, mrushaji mashuhuri aliyefariki mwaka 1955. Wakati ule ilikuwa moja tu kwa ligi zote mbili, na mtu wa kwanza kuipata katika historia ni Don Newcombe. Heshima mbili kubwa namna hiyo zilimfika mtu aliyekuwa hawezi kutembea mjini bila kuulizwa habari za Berra.

Baada ya hapo hakuwa tena yule yule. Mwaka 1957 alishinda 11 na kupoteza 12. Mwaka huo pia ndio uliokuwa wa mwisho kwa Dodgers kukaa Brooklyn. Mwenye timu aliihamishia Los Angeles, na uwanja wa Ebbets Field ukaanza kubomolewa Februari 1960, pakajengwa majumba ya kupangisha. Kwa hiyo mchezo wa tisa kwa nunge ndio uliokuwa wa mwisho wa fainali kuchezwa Brooklyn. Newcombe aliuzwa Cincinnati mwaka 1958, na mwaka 1962 akacheza Japani. Kilichommaliza, na aliyasema haya mwenyewe hadharani bila kumlaumu mwandishi wala mtazamaji, kilikuwa pombe. Alianza bia akiwa kijana mdogo, akaendelea mpaka nyumba yake ikawa karibu kuvunjika. Katika miaka ya 1960 aliacha, kwa kiapo alichomwapia mkewe, na hakurudi.

Jambo hili katika familia zetu huzungumzwa kwa kunong'ona, au halizungumzwi kabisa, kana kwamba kwa kuwa ni haramu basi halipo. Newcombe yeye alilipeleka mezani. Kuanzia miaka ya 1970 Dodgers walimwajiri, naye akawa mtu wa kukaa na wachezaji walionaswa na ulevi, akiwaambia habari zake bila kujipamba. Maury Wills, mmoja wa wakimbiaji hodari waliopata kutokea katika mchezo ule, alisema wazi kwamba Newcombe ndiye aliyemwokoa. Newcombe pia alikuwa akisimulia kwamba Dr. Martin Luther King alikula chakula nyumbani kwake wiki chache kabla ya kuuawa mwaka 1968, akamwambia kwamba yeye, Robinson na Campanella walimrahisishia kazi yake. Na mwaka 2010 rais Barack Obama, ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kumsikiliza kwa masikio mawili, alimtaja Newcombe aliyekuwa amekaa mbele yake katika hadhara moja Los Angeles, akasema kwamba bila Robinson na bila watu kama Newcombe yeye asingefika alipofika.

Kucks hakuupata tena mwaka kama ule. Alikuwa ameshinda 18 msimu wa 1956, na baada yake hakuzidi minane katika msimu wowote. Larsen, mtu wa wapigaji 27, alimaliza maisha yake ya mchezo akiwa ameshinda 81 na kupoteza 91. Newcombe alimaliza kwa kushinda 149 na kupoteza 90, mbali na ile miaka miwili iliyochukuliwa na jeshi. Alifariki tarehe 19 Februari 2019 akiwa na umri wa miaka 92, na Larsen akafuata tarehe 1 Januari 2020.